Sauti ya Kukodi

Julai ile joto lilikuwa la kumfukuza mtu nyumbani kwake, na nyenje wa mji wetu, Amagasaki, walianza kelele tangu alfajiri, lakini kelele zao zilikuwa nafuu kuliko za wagombea. Uchaguzi wa Baraza la Juu ulikuwa umetushukia. Kila ukigeuka unakuta gari lenye vipaza sauti juu ya paa, na kila gari lina jina la mtu, na jina hilo unaombwa ulipigie kura kwa heshima na taadhima mpaka kichwa kinauma.

Mchana wa Jumamosi ya kwanza ya kampeni, mbele ya stesheni, pale mtaa wa maduka unapomwaga watu barabarani, magari mawili yalikutana uso kwa uso na taa nyekundu ikayazuia yote mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, refu, limeoshwa hadi linang'aa. Hilo lilikuwa la Mheshimiwa Shirakura wa chama tawala, mtu aliyekaa bungeni muda mrefu hata watoto walidhani Shirakura ni jina la cheo. Dirishani alikaa Misuzu Katsurada, koti la buluu ya bahari, glavu nyeupe, nywele zimefungwa nyuma bila unywele mmoja kuchomoza. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Shirakura. Mwanamke wa kazi hiyo kwetu huitwa uguisu, jina la ndege mwenye sauti tamu, na ataitwa hivyo hata akiwa na wajukuu. Misuzu alikuwa na miaka thelathini na sita, na ukimsikia katika joto lile ulihisi umepewa maji ya baridi.

La pili lilikuwa kigari cha kubebea mboga, cha kuazima, mabango yake yamebandikwa upande upande. Hicho kilikuwa cha Hitoiki, chama kipya kabisa. Jina hilo maana yake ni pumzi moja, ile unayoivuta ukishatua mzigo. Wengi wetu tulikicheka. Walitaka kodi ya manunuzi ifutwe, vibarua walipwe kama watu, na yeyote aliyechoka apewe kipaza sauti aseme kinachomchosha. Mgombea wao, Ritsuko Kaneshige, alikuwa mpishi wa chakula cha shule. Saa hiyo alikuwa ameshuka kuwapa watu mkono, na kipaza sauti akakiacha kwa mtu wa kujitolea, Tadaomi Urushibara, kibarua wa ghala, miaka arobaini na tatu, fulana imemganda mgongoni kwa jasho.

Sasa, kuna adabu moja. Magari ya wapinzani yakikutana njiani, hayatukanani. Uguisu wa huku humtakia heri mgombea wa kule, na wa kule hurudisha maneno yale yale. Ni adabu tu, hakuna anayeimaanisha. Misuzu akainua mkono wake wa glavu.

"Ndugu zetu wa gari la Kaneshige, poleni na kazi katika joto hili. Tunamtakia mgombea wenu mapambano mema."

Tadaomi hakuijua adabu hiyo, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alichojua ni kwamba mwanamke mzuri amempa pole mbele ya umati, na yeye hakumbuki mara ya mwisho kupewa pole ilikuwa lini. Akabonyeza kitufe.

"Asante sana, dada. Na wewe pole. Lakini umekula? Na hizo glavu hazikuunguzi?"

Stesheni nzima ilisikia. Wauza samaki wakaanza kucheka, wanafunzi wakafuata, hata polisi wa barabarani akageuza uso. Misuzu, ambaye alikuwa ameshaimba jina la Shirakura katika chaguzi kadhaa bila kukwama hata mara moja, alikwama. Dereva akamkanyaga mguu ili aseme kitu. Taa ikawa kijani, gari likaanza kusogea, na ndipo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, yenye mikwaruzo kidogo, kwamba hapana, bado hajala.

Jioni, sheria ilipokwisha kuvinyamazisha vipaza sauti vyote, Tadaomi aliingia duka la dawa kutafuta pipi za koo. Koo lilikuwa limekwisha. Akasikia mwanamke nyuma yake akimwuliza muuzaji kama zile za tangawizi zimebaki, kwa ile sauti ya chini, akageuka.

"Wewe ndiye uliyeniuliza kama nimekula," Misuzu akasema.

"Na sasa umekula?"

"Nimekula makaripio. Ofisi nzima imenikalia kichwani kwa ajili yako."

"Basi nina deni la chakula."

Akamnunulia vitonge vya unga vyenye pweza ndani, wakavila wamesimama nyuma ya mtaa wa maduka huku vinawaunguza ndimi. Misuzu alivua glavu, na Tadaomi akaviona vidole vyake, vimekunjamana kwa kulowa jasho kutwa nzima. Alimwambia vidole hivyo vinatia huruma. Misuzu akamwambia yeye alihurumie koo lake kwanza, maana anapiga kelele kama mtu anayefukuza kunguru. Akamfundisha palepale: pumzi itoke tumboni, jina la mgombea lipewe nafasi lisimame peke yake, na utabasamu hata kama hakuna anayekuona kwa sababu tabasamu linasikika. Tadaomi akajaribu. Mbwa wa mtu akabweka. Misuzu akacheka mpaka akakaa chini kwenye kreti la bia, koti zuri lile na kila kitu.

Hivyo ndivyo walivyoanza, na mimi simlaumu yeyote kati yao. Tadaomi alikuwa mtu wa kile kizazi kilichomaliza chuo mwaka ambao makampuni yalifunga milango, na tangu hapo ameishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, hajawahi kuambiwa "karibu kazini" na mtu aliyemaanisha abaki. Misuzu alikuwa na kazi na nyumba, lakini vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori katika kampuni ya kokoto ya mzee Tokumaru. Tokumaru ndiye mwenyekiti wa wafuasi wa Shirakura mjini kwetu. Baba alipokufa, Tokumaru alimwambia mjane abaki tu kwenye nyumba ya kampuni, asiwe na wasiwasi, na binti akapewa kazi ya kupokea simu ofisini. Halafu, wakiwa bado na nguo za msiba, akasema kuna jambo dogo: ameisikia sauti ya binti wakati wa kutoa shukrani kwa waombolezaji, na uchaguzi unakuja.

Kuta za nyumba ile ni nyembamba, na kila jirani ni wa kampuni. Kwa hiyo Misuzu alipiga simu akiwa bafuni, amefungua bomba.

"Hayo maji ni ya nini kila siku?" Tadaomi alimwuliza usiku mmoja. "Unaoga mara ngapi, bibie?"

"Ndiyo ukuta wangu. Bila maji jirani anasikia mpaka ninavyomeza mate."

"Basi njoo tuongee nje."

"Nje ndiko kuna macho zaidi."

"Misuzu, nikuulize. Wewe humpigia nani kura?"

Misuzu akasogea karibu na bomba. Kisha akamwambia kwamba akiingia kwenye kile kibanda na kushika penseli, mkono unaandika Shirakura wenyewe, kabla yeye hajafikiri. "Safari hii nataka niandike jina la yule mpishi wenu. Nimechoka kumsifu mtu ambaye simwamini. Lakini usimwambie mtu, Tadaomi. Nikisikika, mama yangu hana pa kulala."

"Simwambii mtu, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Misuzu aliongeza maji kwenye bomba, akakaa pembeni ya beseni akitabasamu peke yake.

Wiki ile ya pili Hitoiki ilianza kupanda, na ilipanda kwa namna ambayo hata sisi tuliocheka tulinyamaza. Walikuwa wanasimama pale pale mbele ya stesheni na kumpa kipaza sauti mtu yeyote. Mama mmoja akasema anaruka chakula cha mchana ili wanawe wale. Mwanamume wa miaka hamsini akasema hajawahi kuchukua likizo yenye malipo maishani mwake na hajui watu huifanyia nini. Watu walisimama wakasikiliza, wakarudi kesho yake na wenzao. Magazeti yaliyokuwa yanakiandika chama hicho kwa mstari mmoja yakaanza kusema kwamba kiti cha tatu cha mkoa wetu, cha mwisho, kinaweza kuchukuliwa na mpishi. Na Tadaomi naye alikuwa amebadilika. Alisimama wima, aliivuta pumzi tumboni, jina la Kaneshige likawa linasimama peke yake. Wanawake wa makamo walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye.

Alhamisi jioni umati ulijaa hadi kwenye ngazi za stesheni. Kaneshige alimwomba awachangamshe watu kabla yeye hajapanda. Tadaomi alipanga kuzungumzia ghala. Akaanza, wakapiga makofi. Akaendelea, wakapiga zaidi. Nani amewahi kupigiwa makofi namna hiyo akanyamaza? Mdomo ukaenda. Akasema anamjua mwanamke mmoja mjini humu ambaye sauti yake ni ya kukodi. Akasema kila siku mwanamke huyo anamwimbia sifa mtu asiyemwamini, kwa sababu nyumba anayolala mama yake ni ya rafiki wa mtu huyo. Akasema mwanamke huyo, akitaka kuongea na mpenzi wake, hufungua bomba la bafuni ili majirani wasisikie. Watu walikuwa wanalia. Simu zimeinuliwa juu zinarekodi. Tadaomi naye alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa.

Hakutaja jina. Lakini ni nani Amagasaki asiyejua ni nyumba gani ya kampuni inayohusika, na ni sauti gani? Kufikia asubuhi video ilikuwa kwenye kila simu.

Mzee Tokumaru hakufoka. Laiti angefoka. Alikuja mwenyewe na tikiti tamu, lile la bei, ndani ya kisanduku, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka akaulizia afya ya mama. Akasema amesikia maneno ya kipuuzi mitaani na wala hakuyaamini, Misuzu ni kama binti yake. Akasema ana hakika siku za kampeni zilizobaki binti ataimba vizuri kuliko siku zote, na gari litapita mitaa yote ili kila mtu amwone jinsi alivyo na furaha. Mama alikuwa ameinama muda wote huo, paji la uso limegusa mkeka, akiomba radhi kwa kosa ambalo hakuna aliyelitaja. Tokumaru alipoondoka, mama hakuinuka mara moja. Tikiti hakuna aliyelikata, likaoza mezani.

Misuzu alipiga simu. Safari hii hakufungua maji.

"Nilikuambia usimwambie mtu."

"Sikukutaja jina."

"Ulilitaja bomba."

Tadaomi akaanza kujieleza, na hapo ndipo alipoharibu. Alimwambia watu wamemfuata baada ya hotuba, wamemshika mikono, wamesema na wao wanaishi hivyo hivyo. "Hujui umewasaidia wangapi, Misuzu."

"Mimi sijamsaidia mtu. Mimi nimeibiwa," akasema, na akakata.

Tadaomi alipiga tena na tena, simu ikaita tu. Siku ya mwisho ya kampeni magari yakakutana darajani. Misuzu alikuwa dirishani, ametabasamu, nywele zimebanwa, na alitoa ile salamu ya adabu kwa ukamilifu, kila neno mahali pake, pole na kazi katika joto hili, tunamtakia mgombea wenu mapambano mema. Tadaomi alikishika kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akakiachia. Kaneshige akamnyang'anya akajibu yeye, vizuri kabisa, maana kufikia siku hiyo walikuwa wamejifunza. Magari yakapishana.

Jumapili watu walipiga kura. Misuzu aliingia kibandani, akaishika penseli, na nitawaambia alichoandika kwa sababu alikuja kumwambia mama yake: aliandika Shirakura. Alisimama akaiangalia karatasi, akataka kufuta, na foleni nyuma yake ilikuwa ya majirani watupu, akaitumbukiza.

Shirakura akashika nafasi ya pili. Kaneshige akashika ya tatu akapata kiti. Kote nchini Hitoiki walipata viti vichache tu, lakini televisheni ilivizungumzia vichache hivyo kuliko vyote vingine pamoja. Ofisi ya Hitoiki ilikuwa duka la zamani la viatu, na usiku ule watu walikumbatiana humo kama ndugu waliopotezana. Walimrusha Tadaomi juu wakamdaka. Alipotua chini aliangalia simu yake, hakukuta kitu.

Agosti ilipokwisha, Tokumaru alikuja tena. Kwa masikitiko makubwa, nyumba ya kampuni inahitaji matengenezo, na ile kazi ya simu ameombwa ampe mpwa wake. Hakuna haraka, mwisho wa Septemba unatosha. Mama akamshukuru. Basi Misuzu akaanza kuzunguka kwa mawakala wa nyumba. Wakala alimkaribisha kwa chai, akauliza kazi yake, akauliza umri wa mama, kisha akavuta hewa katikati ya meno, na kwetu hilo ni jibu. Mama alikuwa na miaka sabini na nne. Wenye nyumba hawataki mzee atakayefia chumbani, na bila mdhamini mwenye kazi ya kudumu hata kufungua mlango wakuonyeshe hawafungui. Misuzu alivuta kumbukumbu za watu wote anaowajua wenye kazi ya kudumu. Wote walikuwa wa Tokumaru.

Tadaomi alisikia habari hizo sokoni. Mchana wa jua kali, majirani wakiwa wameanika matandiko kwenye baraza zao, alikuja mpaka mlangoni akabisha. Mama akafungua. Tadaomi akapiga magoti palepale nje, akaweka viganja na paji la uso kwenye saruji ya moto.

Mama akainama kumtazama. "Wewe ndiye wa bomba?"

"Ndiyo, mama."

"Ingia ndani. Hawa wameshatazama vya kutosha."

Misuzu alikuwa amekaa katikati ya maboksi. Alijiandalia maneno makali miezi hiyo yote, na alipomwona amekonda, shingo imebaki mifupa, maneno yakapotea. Alimpenda mtu yule. Hasira ilikuwepo na mapenzi yalikuwepo.

"Sema ulichokuja kusema," akamwambia.

"Nilipopigiwa makofi, nilisahau kama ni wewe," Tadaomi akasema. "Nilidhani ni hotuba. Sina kisingizio kingine. Nilikusahau ukiwa kinywani mwangu."

Misuzu akalia. Alilia kwa kelele, bila kujali ukuta, na Tadaomi akamsogelea akamshika, na mama akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Siku ileile akamposa. Alisema hana pete, ana habari. Amepata nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya mto, wakae wote watatu. Mwenye nyumba alikuwa amekataa, lakini mheshimiwa Kaneshige amesema atatia sahihi ya udhamini yeye mwenyewe, na mwenye nyumba amekubali kwa majaribio mpaka mwisho wa Machi. Uso wake uling'aa wakati akisema. Alikuwa amepata kitu cha kumpa mwanamke, na hilo halijawahi kumtokea.

"Halafu kuna jambo dogo," akaongeza. "Oktoba kuna mkutano ukumbini. Mheshimiwa anaomba useme maneno machache. Ulivyokuwa unaishi, basi, hayo hayo."

Misuzu alimwangalia. Tadaomi hakuwa na ujanja wowote usoni, alikuwa anatabasamu. Akaangalia maboksi, akamwangalia mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni na birika. Jambo dogo analijua. Aliwahi kuombwa moja akiwa na nguo za msiba. Akakubali yote matatu, nyumba, ndoa na maneno machache, kwa sababu mawili aliyataka kwa moyo wake, na hayo hayakuja bila la tatu.

Walipokwenda kuandikisha ndoa, sheria ikawataka wachague jina moja la ukoo. Tadaomi akachukua la mke wake, akawa Katsurada, jambo lisilozoeleka kwa mwanamume kwetu, na alifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Kesho yake chama kilitaka kuwapiga picha kwa ajili ya jambo hilo.

Ukumbini walimwomba avae zile glavu nyeupe. Akavaa. Akasimama mbele ya watu akaeleza habari ya baba, ya nyumba, ya bomba, kwa ile sauti ya maji ya baridi, na watu walilia kama walivyolia Julai. Mwaliko ukaja kutoka Akashi, kisha Himeji, kisha Kobe. Jumapili baada ya Jumapili akapanda treni na glavu zake mkobani. Nisikisingizie chama. Walikuwa watu wema, walimpa maua, na Kaneshige alipigana bungeni kwa ajili ya chakula cha shule kuliko wote waliomtangulia. Lakini Misuzu alianza kupungua uzito. Bomba la nyumbani likifunguliwa kuoshea mchele, alitoka jikoni.

Jumapili moja ya Novemba, mchana, mama akiwa chumbani kwake, Tadaomi alikuwa anamwambia mkewe kuhusu mkutano wa wiki ijayo, Osaka, mkubwa kuliko yote. Misuzu aliweka vijiti chini.

"Tadaomi. Mimi nimehama gari tu."

"Una maana gani?"

"Nimetoka gari lile nimeingia gari hili. Nyumba ya mama yangu ni ya sahihi ya mtu, na mimi namwimbia mtu huyo."

"Lakini hawa si kama wale, mke wangu. Hawa wanasema kweli."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa kuwakataa. Wale niliwaimbia uongo wao, kazi ikiisha nawarudishia. Hawa wananitaka niwape ukweli wangu, kila Jumapili, na sasa sina kilichobaki ambacho ni changu." Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo. "Nimechoka. Nataka kunyamaza. Nikae nawe hapa ninyamaze."

Tadaomi alikipenda chama kile. Ndicho kilichomwambia, akiwa na miaka arobaini na tatu, kwamba hakushindwa maisha, ila alifungiwa mlango. Alikaa akautazama wali wake ukipoa. Kisha akachukua simu akatoka nayo nje kumpigia Kaneshige, na Misuzu akasikia sauti yake kwa mbali bila kuyasikia maneno. Hakukaa sana.

"Amesemaje?"

"Amesema pole sana. Amesema anakuelewa, na hata yeye amechoka." Tadaomi akakaa chini taratibu. "Halafu akasema watu wengi wanamwomba sahihi, wote wana shida, na wote wanakuja mikutanoni. Akanikumbusha kwamba mkataba wetu unaisha Machi."

Misuzu hakukasirika. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa aliokwisha kuujua.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Kwamba huji Osaka. Na mimi siji. Kura yangu anayo, lakini hotuba basi."

Misuzu akamshika mkono juu ya meza. Alimwuliza baada ya Machi watakwenda wapi, na Tadaomi akasema ukweli, kwamba chumba kisichotaka sahihi ya mkubwa, katika mji huu, hakijui. Amezunguka.

"Basi tutafute mji mwingine," Misuzu akasema, na palepale akaishusha sauti, kwa sababu mama alizaliwa Amagasaki, ameolewa Amagasaki, na kaburi la mumewe liko Amagasaki. "Lakini mama tutamwambiaje? Ndiyo kwanza ametulia. Kumhamisha tena mzee wa watu?"

Mlango wa chumba ukasogezwa. Mama alikuwa amesimama pale na nguo alizokuwa anakunja mikononi, na ilionekana amesimama muda mrefu.

"Vyombo vyangu bado viko kwenye maboksi," akasema. "Tangu tuje hapa sijavitoa."